Wimbo wa Chewa Umemfuata Mtoto Njiani

Mkoani, Pemba
22 Oktoba 1959
Mwaka mmoja na miezi minne tangu nitoke kwetu Sikonge

Mpendwa Bi Moza,

Nakuomba unisaidie, na kabla ya yote uniwie radhi kwa mwandiko huu, maana mkono unaobeba magunia ya karafuu tangu alfajiri ukishika kalamu hutetemeka, na skuli yangu iliishia darasa la tatu. Gazeti lako tunasomewa hapa gatini na karani wa ghala kila linaposhuka na stima, nimesikia unavyowajibu watu bila kuwaonea haya, basi na mimi usinionee haya. Nimechoka, na si mgongo tu uliochoka, mgongo nimeuzoea. Nimechoka kuwa mtu aliyemharibia mtoto wa watu maisha kwa kitu alichokitoa kwa moyo mweupe, na kila ninayemuuliza ananipa jibu lake na majibu yenyewe hayapatani.

Mimi nilikuja huku kuchuma karafuu, msimu ulipokwisha nikabaki Mkoani nikawa hamali, na katika furushi langu nilikuwa na filimbi ya mwanzi niliyoichonga kwetu, nikiipiga wakati wa kupumzika kwa sababu ndiyo pekee huku inayozungumza kwa lafudhi yangu. Siku moja Mwalimu Msellem wa skuli ya hapa akapita, akasimama, akasikiliza mpaka mwisho.

"Mnyamwezi," akaniambia, "hiyo filimbi yako yajua kungoja?"

"Kungoja vipi, Mwalimu?"

"Watoto wakisema ishuke chini kabisa, wakinyamaza ipande. Isiwafunike."

Nikamwambia filimbi inafanya anavyotaka mwenyewe, akacheka, akanieleza kwamba watoto watawachezea wazazi wao mchezo, nusu maneno nusu nyimbo, kisa cha samaki Chewa mkubwa akaaye kwenye mkondo baina ya Mkoani na Makoongwe, ambaye humeza kila kinachopita juu yake, nanga, madema ya wavuvi, mpaka sufuria la pilau lililokuwa likivushwa kwenda harusini, halafu ndugu wawili wanakwenda kumchekesha mpaka alitapike. Alitaka niwe nyuma ya mikeka nikipiga tangu mwanzo mpaka mwisho, ili hata pale wasipoimba pawe na kitu chini ya maneno yao, kama maji chini ya ngarawa.

Sasa, Bi Moza, hapa ndipo nilipoleta ya kwetu. Kwetu tukilima kwa kikundi, mpiga ngoma anamjua kila mtu kwa mlio wake, na mlimaji akianza kulegea hupigiwa mlio wake yeye peke yake, akiusikia anainua jembe juu kama ndiyo kwanza kunakucha. Ni heshima. Mtu asiye na mlio ni mtu ambaye hajaonwa na yeyote. Basi nikampa kila mtoto wimbo wake, ndugu wawili wakapata wa juu unaorukaruka, mama yao akapata mrefu wa kubembeleza, na Chewa nikampa sauti nne za chini kabisa, kisha kimya, kisha zile zile tena. Ule ukimya ndio uliotisha. Chewa akiwa na njaa niliupiga wimbo wake taratibu, akifurahi niliupiga ule ule mbio mbio, alipoaibishwa mwishoni nikaupiga mpaka ukafifia akirudi mkondoni. Na wale ndugu walipokuwa wakijigamba kwamba hakuna Chewa wala nini, nikaupuliza polepole chini ya maneno yao, watu wasikie kwamba yupo. Watoto waliokaa mbele wakashindwa kujizuia, wakapiga kelele, "Yumo chini yenu! Yumo chini yenu!" Wazee walicheka mpaka wakafuta macho, na nakwambia kweli, tangu nivuke bahari sikuwahi kujiona mtu kama siku ile.

Chewa alikuwa mtoto wa kike, Mize, wa miaka kumi hivi, mjukuu wa Bi Mwanapili anayekaa kwenye njia ya kupandia kutoka gatini. Mama yake kaolewa Wete, kwa hiyo bibi ndiye mlezi. Ni mtoto mwembamba, mwanzoni akisema humsikii, lakini akishaingia ndani ya lile gunia lililopakwa masizi, lenye macho ya vifuu vya nazi, na wimbo wake ukianza, anakuwa mkubwa kuliko mlango. Mwalimu alisema wimbo ule ndio uliomtoa haya.

Mchezo ukaisha lakini mimi sikuacha. Kila Mize alipopita njiani nami nimepumzika, nilimpigia zile sauti nne, naye akageuka, akafungua mdomo kama Chewa, akaja hatua mbili tatu, akacheka, akaenda zake. Ndiyo ilikuwa salamu yetu. Mahamali wote walijua, wakawa wakiniambia, "Mpigie Chewa wako, Mnyamwezi, tucheke."

Siku moja mchana Mize katumwa chupa ya mafuta ya taa, mimi nimekaa juu ya magunia, nikapiga. Mtoto akageuka, mdomo wazi, macho kayafumba nusu kama tulivyomfundisha, akashuka kuja kwangu, na chupa ikamponyoka ikavunjika naye hakusimama. Bibi yake alikuwa barazani. Alipiga ukelele ambao nausikia mpaka leo nikilala.

"Nani kamwita mtoto? Nani?"

Nami, kwa ujinga wangu, huku nacheka, nikajibu, "Nimemwita mimi, Bibi. Huo ndio wimbo wake."

"Wimbo wake? Weye umempa mjukuu wangu wimbo?"

"Nimempa, Bibi, tangu mchezo wa skuli."

Akakaa chini pale pale kwenye mafuta. "Basi umeniulia," akasema. "Mtu mzima, na ndevu, umeniulia."

Sikuelewa mpaka Mjaka, hamali mwenzangu ambaye ni mtu wa hapa, aliponieleza. Huku mtu akiugua pepo hupigiwa ngoma, na kila pepo ana wimbo wake, wanajaribu huu, wanajaribu ule, mpaka mgonjwa atikisike, akitikisika wanajua ndio, na tangu siku hiyo wimbo ule ukipigwa hana budi kuinuka. Na aliyempa wimbo ndiye fundi wake. Bi Mwanapili aliona kwa macho yake, wimbo umepigwa na mtoto kainuka, macho yamefumba, chupa imevunjika hana habari. Mjaka kila jambo kwake ni mzaha, akaniambia, "Umekwisha, bwana. Fundi haachani na mteja wake mpaka kufa. Waandikie kwenu wagawane shamba lako, weye ushakuwa Mpemba."

Nilicheka siku hiyo. Siku ya pili Mize akashikwa na homa, na katika homa akawa anavuma zile sauti nne na ule ukimya, kila zikikatika zinarudi. Tangu hapo sikucheka tena.

Homa imekwenda na kurudi. Skuli haendi. Bi Mwanapili kamwita fundi mmoja wa huko mashamba, naye kasema mtoto keshashikwa, bora akalishwe rasmi katika ngoma, atayarishiwe chano cha sadaka na ubani, awe kiti cha kupandwa na huyo pepo wa maji, na mimi niliyempa wimbo nihudhurie kama mwenyewe, na kila mwaka nije nimpigie. Mtoto akishakalishwa hivyo ni kazi ya maisha, Bi Moza, kila ngoma iko naye, skuli basi. Nilimfuata Bi Mwanapili nikamwambia ulikuwa mchezo tu. Akanijibu kwa upole, na huo upole uliniumiza kuliko matusi, "Mwanangu, na pepo nao huanza kwa mchezo."

Mwalimu Msellem kakasirika kabisa. Anasema nikikanyaga kwenye ngoma hiyo nimethibitisha ujinga, na wazazi wengine watawatoa watoto wao, na tena watu wa Jadida, Wete, wamekwisha omba mchezo upelekwe kwao, kamweka mtoto mwingine kuwa Chewa na anataka nipige kama kawaida, yaliyobaki yatapoa yenyewe. Lakini kwa yule bibi hakwenda hata siku moja, anasema hana la kuzungumza na ubani. Mjaka anasema niende ngomani, nile biriani, nipige filimbi, niondoke usiku huo huo. Mimi ni Mwislamu wa juzi, sitaki kumshirikisha Mungu, na sitaki kumwacha mtoto amefungwa na pumzi yangu nami niko kwenye gari moshi nakwenda zangu. Nilifikiri kuivunja filimbi, nikaiweka juu ya goti, sikuweza.

Mke wangu amelima peke yake msimu mmoja, mdogo wangu ameandika kwamba mama haoni vizuri tena, anawauliza wapitao kama ni mimi. Kwetu mvua zinaanza sasa. Niambie nifanye nini, na uniambie upesi, kwa sababu hapa kazi ya magunia itakwisha pamoja na mwaka, na stima ya mwisho wa Disemba, Inshallah, ndiyo itakayonirudisha kwetu.

Mimi,
Hamali wa gatini, Mkoani

JIBU LA BI MOZA

Ndugu yangu hamali, pole. Pole ya kazi na pole ya ugeni, na mama yako Mungu amhifadhi mpaka akuone. Hiyo ndiyo pole yote utakayopata kwangu leo, sasa nisikilize.

Tuone kwanza kosa liko wapi. Haliko katika kuwapa watoto nyimbo zao. Kazi ile nimeipenda kwa kuisoma tu, na ningekuwepo ningepiga kelele pamoja na wale waliokaa mbele. Wimbo wa mchezo unamwambia mtazamaji nani anakuja kabla hajaonekana, na huo ndio utamu wake. Lakini mchezo una mikeka. Ndani ya mikeka wimbo ulikuwa wa Chewa. Wewe ukauchukua ukatoka nao njiani, ukampigia mtoto hana gunia, kabeba chupa ya mafuta, mahamali wanacheka, na bibi yake alipokuuliza ukamwambia "wimbo wake". Wake nani? Chewa ndiye mwenye wimbo. Mize ulimwazima tu, na cha kuazima ukakiacha mikononi mwake mchezo ulipokwisha. Huko kwenu mtu hupewa mlio shambani akiwa na jembe, si hivyo? Je, mpiga ngoma humfuata mpaka kisimani?

Na neno jingine. Umeandika kwamba mwisho wa mchezo uliupiga wimbo ule mpaka ukafifia. Vizuri kwa masikio, lakini haukufungwa. Kila mtu alikwenda kwao nao mdomoni, na mwenye kuuchukua zaidi ni yule aliyekuwa ndani ya gunia. Nawe ukaufufua kila siku. Unashangaa kwamba mtoto mwenye homa anauvuma? Mimi nikiwa na homa huimba adhana nzima, na sijawa muadhini.

Kuhusu pepo sitabishana na Bi Mwanapili, nami nimezaliwa katika nyumba yenye chetezo cha ubani. Yeye kaona alichokiona, na amekiona vizuri kuliko wewe uliyekuwa ukicheka. Mwalimu Msellem, najua na wewe unasoma hapa: umemchukua mjukuu wa mtu ukamtia gunia mbele ya mji mzima, halafu unaona haya kukaa kwenye baraza ya bibi yake? Elimu isiyoweza kupiga hodi ni mzigo tu. Utakwenda.

Basi fanyeni hivi. Kwanza, homa inayokwenda na kurudi ni homa ya kupimwa damu. Mtoto apelekwe kwa daktari wiki hii, na wewe hamali kama atahitaji kubebwa, mgongo unao. Hilo lisingoje jingine.

Pili, nenda kwa Bi Mwanapili pamoja na Mwalimu na mtu mzima mmoja anayeheshimika hapo mtaani, mwanamke akipatikana ndiyo bora. Usiende na huyo Mjaka, mdomo wake hauna breki. Usimwambie "ulikuwa mchezo tu". Hilo ulishalisema, na jibu alilokupa lilikuwa zuri kuliko neno lako. Mwambie, "Bibi, nilisema uongo bila kujua. Nilisema ni wimbo wa Mize. Si wake, sikumpa, sina haki ya kumpa, nimekuja kuutoa mbele yako." Kisha nyamaza. Atakulaumu. Laumiwa.

Tatu, mchezo urudiwe hapo hapo Mkoani kabla haujakwenda Jadida, mchana, watu wale wale, mtoto akishapona. Mize asicheze. Akae mbele, kwenye mkeka mmoja na bibi yake, mkono wake ndani ya mkono wa bibi. Gunia avae yule mtoto mwingine, na kesho yake mwingine tena, na uupige wimbo wa Chewa kama ulivyoupiga, wenye njaa, wenye furaha, wenye aibu. Bi Mwanapili na auone wimbo ukipigwa na mjukuu wake amekaa, anakula njugu. Hakuna maneno yangu wala ya Mwalimu yatakayomtuliza kuliko kitako cha mtoto kisichoinuka. Na kama atatikisika, basi na acheke, kila mtoto pale atatikisika, mimi pia ningetikisika.

Na safari hii wimbo ufungwe. Chewa akisharudi mkondoni, mtoto atoke ndani ya gunia kila mtu amwone, gunia lilazwe chini tupu, na wewe upige zile sauti nne juu ya gunia tupu. Lakini usiache tena ule ukimya wako. Mwalimu awape watoto wote maneno ya kuujaza, waimbe pamoja, wamalize kwa sauti moja ya chini na pigo moja la ngoma. Halafu weka filimbi chini. Usiirudie hata wakikubembeleza. Bi Mwanapili akitaka baada ya hapo shehe asome dua, isomwe, nawe uitikie amina kama watu wengine. Chano na ubani usikae navyo. Wewe si fundi wa mtu, na usikubali kuvishwa ufundi kwa sababu umechoka na unataka jambo liishe. Hivyo ndivyo watu waliochoka wanavyokubali mambo makubwa.

Usivunje filimbi. Na usitoroke na stima ya karibu ukadhani bahari itakusafishia. Una Novemba yote na Disemba karibu yote, inatosha kwa mtu anayeanza kesho. Ukisharekebisha haya, panda stima yako, nenda kwa mama yako, hapana atakayekudai kurudi.

Na kuanzia leo mpaka siku ya kuondoka, Mize akipita njiani usimpigie kitu. Mwite kwa jina lake, mwulize bibi yake hajambo.